Kuacha, Kuachwa na Kuachishwa Kazi: Henry de Monfreid na Simulizi za Maisha ya Chomboni

1. Utangulizi

Tangu mwisho wa karne ya 19 imekuwapo, katika fasihi za Ulaya na Marekani, aina ya kitabu inayopendwa na wasomaji wengi. Ni kitabu cha mtu aliyeiacha kazi yake ya nchi kavu, akanunua au akaunda chombo kidogo cha matanga, akahamia humo na kuishi kwa gharama ndogo. Mhusika mkuu huwa ni mwandishi mwenyewe. Kazi iliyoachwa huelezwa kwa kurasa chache, mara nyingi kwa dharau, na kurasa zilizobaki hupewa upepo, miamba, bandari na uhuru.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, kitabu kilicho karibu zaidi katika aina hiyo ni Les Secrets de la mer Rouge cha Mfaransa Henry de Monfreid, kilichotolewa mwaka 1931. Kiko karibu kwa sababu mbili. Kwanza, matukio yake yanatokea Jibuti, katika visiwa vya Dahlak na kwenye pwani za Uarabuni, yaani katika bahari ileile ya majahazi ambayo lugha ya Kiswahili ilikua kando yake. Pili, kimeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo mwanafunzi wa Kongo huisoma shuleni, hivyo humfikia bila kupitia mikononi mwa mfasiri.

Makala haya yanakusudia kukihakiki kitabu hicho pamoja na vingine viwili vya jamii yake, kwa kuuliza swali moja: vinaposomwa kwa Kiswahili, na hasa kwa Kiswahili cha mahali kama Luena, maneno "kuacha kazi" yana maana gani? Hoja itakayotetewa ni kwamba sarufi ya kitenzi "kuacha" inatusaidia kuviona vitabu hivi jinsi vilivyo, kuliko sifa za ujasiri ambazo vimezoea kupewa.

2. Kazi, kutumika na kuacha

Luena, katika mkoa wa Haut-Lomami, ni mji wa makaa ya mawe na reli. Njia ya reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na makaa ya Luena yalichimbwa kuhudumia uchumi wa shaba wa Katanga. Watu walikwenda huko kutafuta kazi, na Kiswahili kilienea pamoja na kazi hiyo. Kwa hiyo katika Kiswahili cha eneo hilo neno "kazi" lina uzito wa pekee. Mwaka 1973 Johannes Fabian alichapisha makala juu ya dhana hiyo miongoni mwa wafanyakazi wasemao Kiswahili waliokuwa wafuasi wa Jamaa, akionyesha kwamba neno "kazi" linastahili kuchunguzwa kama dhana kamili ya fikra za watu, wala si kama jina la shughuli tu.

Kuna neno lingine ambalo mtu wa pwani akilisikia Katanga hushtuka kidogo. Mfanyakazi wa Katanga husema "ninatumika", maana yake "ninafanya kazi". Katika Kiswahili sanifu kitu ndicho kinachotumika: jembe linatumika, kalamu inatumika. Mzizi wake ni ule wa "kutuma". Msemaji wa Luena halaumu mtu kwa kutamka hivyo, wala hajioni kuwa jembe. Hata hivyo umbo la neno limehifadhi historia ya ajira: mtu anatumwa na kutumiwa, naye anaishi kwa huko kutumika.

Tukirudi kwenye "kuacha", Kiswahili kinampa msemaji hali tatu zilizo wazi. Mtu anaweza kuacha kazi. Yeye ndiye mtenda. Anaweza kuachwa na kazi, pale kazi yenyewe inapotoweka chini ya miguu yake. Anaweza pia kuachishwa kazi, ambapo kuna mwingine mwenye mamlaka aliyetenda. Katika Katanga hali ya tatu ina kumbukumbu kali. Mwaka 2003 Gécamines, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliendesha mpango ulioitwa wa "kuondoka kwa hiari". Zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka, baada ya kukaa miezi mingi bila mishahara. Kwa karatasi walikuwa wameacha. Kwa sarufi ya kweli waliachishwa. Msomaji aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo hawezi kuyasoma maneno "niliacha kazi" kwa wepesi uleule wa msomaji wa Paris.

3. Monfreid: mtu aliyeacha

Henry de Monfreid alizaliwa mwaka 1879 katika pwani ya kusini ya Ufaransa. Baba yake, George-Daniel de Monfreid, alikuwa mchoraji na rafiki wa Paul Gauguin, na mtoto alizifahamu tanga na bahari mapema. Ukubwani alijaribu shughuli mbalimbali Ufaransa, zikiwemo za maziwa, bila mafanikio ya kudumu. Mwaka 1911 alifika Jibuti akiwa mwajiriwa katika biashara ya kahawa na ngozi za Uhabeshi. Hakudumu. Aliacha, akanunua chombo, akaajiri mabaharia wa huko, na kuanza maisha ya baharini: kutafuta lulu, kupeleka silaha kwa magendo, na baadaye kusafirisha bangi iliyosindikwa kutoka Ugiriki hadi Misri, jambo alilolisimulia katika La Croisière du hachich (1933). Alijifunza Kiarabu, akasilimu na kuitwa Abd el-Haï. Wazungu wenzake wa Jibuti walimdharau kwa kuishi na wenyeji, na serikali ya kikoloni ikamshuku. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifungwa gerezani.

Uzuri wa kitabu hauna budi kukiriwa kwanza. Monfreid anaijua kazi anayoisimulia. Anapoeleza chombo kikipita usiku katikati ya matumbawe, msomaji anaona jinsi mtu anavyoisoma rangi ya maji, sauti ya mawimbi na mabadiliko ya upepo. Mabaharia wake wana majina. Abdi, Msomali, anabaki akilini mwa msomaji kuliko maofisa wengi wa kitabu. Mwandishi anakula chakula chao na kulala kwenye sitaha moja nao. Ukikilinganisha kitabu hiki na vitabu vingi vya wakoloni wa miaka ile, ambamo Mwafrika ni mzigo au mpagazi tu, tofauti ni kubwa. Mwandishi Joseph Kessel, aliyekutana naye mwaka 1930 na kumhimiza aandike, hakukosea kuona kwamba hapo palikuwa na msimulizi.

Dhamira kuu ya kitabu ni uhuru. Ofisi, duka, gavana na mtumishi wa forodha wako upande mmoja. Bahari na chombo viko upande wa pili. Mpangilio huu ndio unaokipa kitabu mwendo wake, kwani kila tukio ni kutoroka upya. Ndio pia unaopaswa kuchunguzwa.

4. Nani anafanya kazi chomboni?

Methali ya pwani inasema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni pale chini maji yanapokusanyika na kutekwa. Kwa kawaida methali hii hufundishwa shuleni kama onyo kwa mtu anayetangatanga, kwamba mwisho wake atarudi alipoanzia. Lakini kabla ya kuwa onyo ilikuwa maelezo ya kazi. Chombo cha mbao huvuja. Atembee atakavyotembea, baharia lazima arudi ngamani kuteka maji, usiku na mchana, la sivyo wote watazama.

Ukikisoma kitabu cha Monfreid ukiwa na ngama akilini, swali moja hujitokeza katika kila ukurasa: anayeteka maji ni nani? Jibu ni kwamba kwa sehemu kubwa ni mabaharia. Wao ndio wanaotweka na kutua tanga, wanaovuta kamba, wanaopiga makasia upepo unapokufa, wanaozamia. Monfreid mwenyewe hakuwa mvivu, na kitabu hakimwonyeshi hivyo. Lakini kule kuacha kwake kazi kuliwapa wengine kazi. Alipotoka katika nafasi ya mwajiriwa hakuingia katika hali isiyo na ajira. Aliingia katika nafasi ya nahodha na mwenye chombo. Mahusiano ya kazi hayakukoma. Yaligeuzwa juu chini.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi tukimsoma pamoja na Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri kati ya 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, ambako majahazi yalikwenda kuchukua boriti za mikoko. Katika Sons of Sindbad (1940) Villiers anaeleza jinsi mabaharia walivyokuwa na madeni kwa nahodha, na nahodha naye kwa matajiri wa bandarini. Wazamiaji lulu wa Ghuba walikuwa katika mnyororo huohuo. Baharia alichukua fedha mwanzoni mwa msimu ili familia yake ile, na msimu ukiisha hesabu ilikuwa nadra kumtoa katika deni. Mtu wa namna hiyo hakuwa na njia ya "kuacha kazi". Bahari ileile ambayo kwa Monfreid ni mlango wa kutokea, kwake ni ofisi.

Vivyo hivyo mzigo wa chombo una uzito wa kimaadili. Silaha zilizoteremshwa pwani hazikuishia pwani. Uhuru wa mwenye chombo ulilipwa kwa biashara ambayo matokeo yake yaliwaangukia watu wa bara, nao hawamo katika kitabu. Historia ya baadaye inathibitisha kwamba kuipinga ofisi ya kikoloni si sawa na kuupinga ukoloni: katika miaka ya 1930 Monfreid aliunga mkono uvamizi wa Italia dhidi ya Uhabeshi. Wakati wa Vita vya Pili Waingereza walimkamata na kumpeleka Kenya, naye hakurejea Ufaransa hadi mwaka 1947. Alifariki mwaka 1974. Mhakiki asiyetaka kuzitaja habari hizi kwa kuwa ziko nje ya kitabu anaweza kuachiwa kanuni yake. Hata hivyo, ndani ya kitabu chenyewe mbegu ipo. Anayeudhika na gavana hapo ni mtu anayetaka kuachiwa nafasi yake, na hasira yake haivuki mpaka huo.

5. Slocum aliyeachwa, Moitessier aliyerudi

Ili hukumu hii isionekane kuwa ni chuki dhidi ya aina nzima ya vitabu, inafaa kuvitazama viwili vingine.

Sailing Alone Around the World cha Joshua Slocum kilitoka mwaka 1900. Slocum alikuwa nahodha wa merikebu kubwa za matanga wakati meli za mvuke zilipokuwa zikiziondoa baharini. Kwa sarufi yetu, yeye hakuacha kazi. Kazi ndiyo iliyomwacha. Alipewa bure gofu la chombo kilichokuwa kimesimamishwa shambani huko Fairhaven, Massachusetts, akakijenga upya kwa miezi 13 na kwa dola 553.62 za vifaa. Chombo hicho, Spray, kilikuwa na urefu wa mita 11 hivi. Aliondoka Boston Aprili 1895, akapita pia Rodrigues na Mauritius katika Bahari ya Hindi, akarejea Newport Juni 1898, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga peke yake.

Tofauti na Monfreid iko katika hesabu. Slocum anaweka wazi bei ya vifaa na muda wa kazi ya mikono yake. Maisha yake ya chomboni ni ya bei ndogo kwa sababu anayeteka maji ngamani ni yeye. Ucheshi wake mkavu unatokana na hali hiyo: mtu aliyepoteza cheo anajipa vyeo vyote, unahodha, upishi na ubaharia, kisha anajicheka. Kitabu chake hakina wimbo wa uhuru. Kina fundi aliyekosa soko akiutumia ufundi wake hadi mwisho. Slocum alipotea baharini mwaka 1909 akiwa katika chombo hichohicho.

Bernard Moitessier, Mfaransa aliyezaliwa Hanoi mwaka 1925, ndiye mfano unaopendwa zaidi na vijana. Katika La Longue Route (1971) anasimulia mashindano ya 1968–1969 ya kuizunguka dunia peke yake bila kutia nanga bandarini. Akiwa na nafasi nzuri ya kushinda, alikataa kurudi Uingereza kumalizia, akaendelea hadi Tahiti. Jina la chombo chake lilikuwa Joshua, kwa heshima ya Slocum. Kukataa kule kumesomwa kama tendo la usafi: mtu ameitupa zawadi ya fedha. Usomaji huo una ukweli wake. Lakini maisha ya Moitessier kabla ya hapo yanafundisha zaidi. Chombo chake cha awali kilivunjika Diego Garcia mwaka 1952. Akafika Mauritius bila kitu, akafanya kazi huko kwa miaka kadhaa hadi akaunda kingine. Hicho nacho kilipotea, akaenda Ufaransa na kufanya kazi tena. Kila mara alirudi kazini ili aweze kuiacha. Katika vitabu vya namna hii vipindi hivyo vya kurudi huwa vifupi mno kuliko urefu wake katika maisha.

6. Tatizo la tafsiri

Endapo kitabu cha Monfreid kitafasiriwa kwa Kiswahili, mfasiri atakuwa na bahati ambayo wafasiri wachache huipata: istilahi zote za chombo zipo tayari. Mlingoti, foromali, tanga, usukani, nanga, demani na joshi, kusi na kaskazi ni maneno hai ya pwani. Lakini bahati hiyo ni ya mfasiri, si lazima iwe ya msomaji. Mwanafunzi wa Luena anajua mtumbwi na meli za Mto Lualaba, unaopitika kuanzia Bukama kuelekea kaskazini, foromali hajaiona. Ufumbuzi si kuyaondoa maneno ya pwani na kuweka ya Kifaransa, bali kuyaacha yajieleze kwa matendo. Tanga linapotwekwa, msomaji atalijua kwa kazi yake.

Neno linalostahili uangalifu zaidi ni "chombo" lenyewe. Kiswahili kinatumia neno moja kwa jahazi na kwa kifaa cha kazi. Mfaransa anaweza kuandika kana kwamba chombo chake ni kinyume cha kazi. Akifasiriwa, kila anapotaja chombo atakuwa anataja pia zana. Lugha itakuwa inampinga kimyakimya, na mfasiri mwaminifu hana haja ya kulificha hilo.

Neno la pili ni "huru". Katika historia ya pwani aliyeitwa huru alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Mzaliwa wa watu huru aliitwa mwungwana. Kitenzi cha kuacha kimo humo pia, ila mtenda ni bwana. Mtu anayejiacha huru mwenyewe kwa kununua chombo ni jambo ambalo Kiswahili kinaweza kulisema, lakini hakiwezi kulisema bila kumfanya msikilizaji auliza: kwa mali gani, na akiwaacha wapi wengine?

Zaidi ya hayo, yapo mazingira ya msomaji. Katika bonde la Upemba, upande wa Ziwa Kisale, wako wavuvi wanaoishi katika vibanda vilivyojengwa juu ya visiwa vya mafunjo yanayoelea. Wanakaa juu ya maji, kwa gharama ndogo, bila ofisi wala mwajiri. Hakuna mtu Luena anayesema kwamba wameacha kazi. Samaki wanaowakausha huliwa na wachimbaji na watu wa reli. Kumwambia msomaji huyu kwamba kuishi majini ni kupumzika na kazi ni kumweleza habari asiyoweza kuisadiki, na mfasiri atafanya vema kulijua hilo kabla ya kuandika dibaji ya kusifu.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba vitabu vitatu vinavyowekwa katika kundi moja vina sarufi tatu. Monfreid aliacha kazi, na kuacha kwake kulitegemea mikono ya wasioweza kuacha. Slocum aliachwa na kazi, akaokoa ufundi wake. Moitessier aliacha na kurudi mara kwa mara, na kurudi huko ndiko kulikolipia kuacha. Hali ya nne, ya mtu aliyeachishwa kazi na kuambiwa kwamba ameondoka kwa hiari, haimo katika kitabu chochote kati ya hivi, ijapokuwa ndiyo inayofahamika zaidi katika Katanga.

Hukumu juu ya Les Secrets de la mer Rouge haipasi kuwa ya kukataza. Ni kitabu chenye macho makali na lugha yenye nguvu, na kinahifadhi picha ya bahari ya majahazi ambayo waandishi wachache wa Kifaransa waliiona kwa karibu hivyo. Kinachopendekezwa ni kisisomwe peke yake. Katika darasa la fasihi kinaweza kuwekwa sambamba na Kuli (1979), riwaya ya Adam Shafi juu ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Huko bahari inaonekana kutoka upande wa mtu abebaye mzigo, na swali la kuacha kazi linakuwa la wengi kwa pamoja: kazi inaachwa kwa siku kadhaa ili irudiwe kwa masharti mengine. Mwanafunzi akivisoma vyote viwili atakuwa na msingi wa kupima uhuru unaoahidiwa na kila kimoja.

Kazi inayobaki ni ya uandishi. Wapo Luena, Bukama na Kamina watu wengi walioachishwa kazi katika migodi na reli, ambao baadaye walijifunza kuishi kwa mto, kwa shamba au kwa soko. Simulizi zao bado ni za mdomo. Mwaka 1965 watu waliokuwa watumishi wa nyumbani waliiandikisha historia yao ya Elisabethville kwa Kiswahili, chini ya jina la André Yav, na maandishi hayo leo yanasomwa katika vyuo vikuu vingi. Kinachohitajika kwa kizazi cha 2003 ni daftari, kinasa sauti na mwanafunzi mwenye subira.